Ushauri: nani awe paranimfu wangu siku ya kutetea PhD Uholanzi?

Mtama_Mweupe: Wakuu, habarini. Natetea mwezi ujao, Uholanzi. Unasimama na watu wawili rasmi, paranimfu, mithili ya wapambe wa bwana harusi. Mimi ninao watatu: mdogo wangu, dada tuliyekaa naye ofisi moja miaka minne, na rafiki aliyenilaza sebuleni kwake. Nimwache nani? Sipati usingizi.

Mama_Kilosa: Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Mimi niliacha dada yangu nikachukua shoga awe mpambe, hadi leo tunasalimiana misibani tu.

Kaka_Leiden: Hongera mkuu! Nilitetea Leiden, chuo cha 1575. Unasubiri kwenye kichumba wanachokiita cha jasho, kuta zote sahihi za waliofaulu. Zikitimia dakika 45 pedeli, yule mshereheshaji wa chuo, anaingia na fimbo: "Hora est!", yaani muda umefika. Mimi alinikata katikati ya sentensi. Nilishukuru Mungu, jibu lenyewe sikuwa nalo.

Bi_Udongo: Kaka, kamati ya wasomaji imeshapitisha tasnifu?

Mtama_Mweupe: Swali langu ni la paranimfu, dada.

Bi_Udongo: Nakuuliza tena.

Mtama_Mweupe: Bado mjumbe mmoja. Tarehe nimeshikiwa tu. Ila kitabu nimeshachapa, nakala 150, na tiketi ya mama nimekata. Visa ya Schengen ilitusumbua, ningesubiri hadi lini?

Mzee_Kagua: Hii chai. Nani anachapa kabla ya kamati? Haya, elezea hicho kitabu.

Mtama_Mweupe: Jalada la kahawia, suke la mtama. Ndani kuna karatasi ya hoja iliyochomekwa, haijashonwa, ukikifungua inadondoka. Maboksi yako chini ya kitanda, moja halikuenea, naliruka nikienda chooni usiku.

Bi_Udongo: Mzee, huyu hadanganyi. Hiyo karatasi inadondoka kweli, hata yangu. Kaka, sikiliza: ukumbini ni heshima na majoho, huko watu hawafelishwi ovyo. Mtihani wenyewe ni huo wa kamati kusoma. Wasipokubali, hupandi ukumbini. Mpigie promota, profesa anayekusimamia, leo, yeye ndiye wa kumfuata mjumbe.

Mtama_Mweupe: Yuko likizo. Na mama keshashonewa kitenge, kijiji kizima kinajua tarehe.

Mama_Kilosa: Kitenge hakiozi, mwanangu.

Mzee_Kagua: Nimekuelewa, samahani. Lakini huyo mjumbe amekaa kimya kabisa?

Mtama_Mweupe: Aliandika wiki mbili zilizopita. Anataka sura ya tatu ichambuliwe upya.

Bi_Udongo: Uuuwi. Na ukachapa?

Mtama_Mweupe: Nilishalipa siku mbili kabla. Nimempigia yule dada wa ofisini kumwomba awe paranimfu. Hakusema ndiyo wala hapana. Amesema nimtumie hiyo barua pepe kwanza, na data ya sura ya tatu, anawasha kompyuta sasa hivi.