Tamasha la skuli, bonanza la mpira au kila mzazi achange tu?

MamaWawili (Wete)
Assalamu alaykum jamani. Nimo kwenye kamati ya wazazi ya skuli moja ya msingi hapa Wete, Pemba. Masika haya maji yameingia nyumba za bondeni, wengine ukuta wa udongo umelala kabisa na madaftari ya watoto yamekuwa uji. Tunataka kuwasaidia, lakini kamati imegawika mapande matatu: tamasha la siku moja uwanjani kwetu, lenye michezo na vyakula, bonanza la mpira baina ya shehia, mtaa kwa mtaa, au tusijisumbue, kila mzazi atoe elfu mbili. Mliowahi kufanya, ipi inabakisha fedha gharama zikishatoka?

Ngalawa77
Ya tatu. Elfu mbili mbili, siku tatu mshamaliza. Tamasha ni kujifurahisha wenyewe tu.

BiKachori
Ngalawa, ushawahi kukusanya elfu mbili za wazazi wewe? Mimi nishazikusanya. Daftari zima limejaa "nitatoa Ijumaa", Ijumaa ya mwezi gani hawasemi. Halafu waliopatwa nao ni wazazi wa skuli hiyohiyo. Mtawapitishia daftari na wao? Mtu huyohuyo anayekimbia elfu mbili, mwanawe akililia bajia na juisi ya bungo anatoa elfu tano na chenji haulizi.

Mstaafu wa Chaki (Chake)
Nimefundisha miaka mingi na nimesimamia yote mawili, la mpira na la tamasha.

Bonanza lina watu, fedha halina. Kuna marefa, kikombe, mipira, gari ya kuleta timu kutoka Mkoani, maji ya wachezaji. Uwanja wenyewe hauna ukuta, watu wanasimama nje ya kamba wanatizama bure. Sisi tulibakiwa na elfu sitini na tatu, na ugomvi wa penalti ambao mpaka leo watu wawili hawaamkiani.

Tamasha gharama yake ni ndogo kwa sababu vyakula vinatoka majumbani. Sisi tulinunua mkaa na glasi za karatasi, tukakodi spika, basi. Burudani tuliwaachia wazee wa kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, hawakudai hata nauli. Kosa letu lilikuwa jengine: kila meza ilipokea pesa yake. Jioni beseni la urojo tupu, kachori hata moja haikubaki, na kopo la pesa halikujaa hata nusu. Sisemi mtu kaiba. Pesa zilirudishwa chenji mara mbili, watoto wa wauzaji walikula, mwengine alikopesha. Mara ya pili tukaweka meza moja tu mlangoni. Pale unanunua vipande vya karatasi ya manila vilivyogongwa muhuri wa skuli, kijani mia tano, njano elfu moja. Meza za vyakula na michezo zinapokea manila tu. Wawili wanahesabu, wa tatu anaandika, sheha kakaa pembeni anakunywa chai. Tulipata zaidi ya mara mbili, na watu walewale.

Kijana wa Darajani
Wekeni bahati nasibu, zawadi simu. Tiketi elfu moja. Mtashangaa.

Abuu K
Kijana, hiyo ni kamari hata mkiipa jina gani. Mmoja anaondoka na simu, waliobaki wote pesa zao zimekwenda. Mtapoteza nusu ya wazazi kabla hamjafunga turubai. Fanyeni mnada.

BiKachori
Mnada, naam! Sisi tulimpata mnadi wa samaki kutoka Tumbe. Mtu kazoea kunadi jodari, tukampa keki. Akaiinua juu kwa mkono mmoja, akaanza "elfu tatu, elfu tatu, nani anaiona njaa?" Aliyeinunua akairudisha mnadani, wa pili naye akairudisha. Keki moja iliuzwa mara nne, mwisho ikaliwa na watoto wa chekechea.

Ngalawa77
Na mchezo wa ng'ombe je, ule wa kumchezea fahali? Unajaza watu ule.

Mstaafu wa Chaki (Chake)
Kwenye uwanja wa skuli, na watoto wa darasa la kwanza? Hapana, baba.

Abuu K
Jumamosi asubuhi, mmalize kabla ya adhuhuri. Mkivuka adhuhuri, spika izimwe adhana ikianza, si kupunguzwa.

MamaWawili (Wete)
Kuna mjumbe anasema tungoje msimu wa karafuu, pesa ziwemo mifukoni.

Mstaafu wa Chaki (Chake)
Karafuu zitangojwa na aliyelala kwake. Aliyelala chini ya turubai mpe bati sasa.

Mpemba wa Temeke
Mimi niko bara. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, kule Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, kazini kwetu tulikusanya nguo. Viroba kwa viroba. Mimi nilipewa kuchambua: masuti, viatu vya visigino, gauni la bibi harusi na shela yake. Siku mbili nzima nachambua, na watu kule wanataka sufuria na magodoro. Muulizeni sheha kila nyumba imepungukiwa nini, ndipo mnunue. Sisi wa mbali tutatuma kwa simu, lakini wekeni akaunti ya skuli, si namba ya mtu mmoja, hata akiwa walii.

MamaWawili (Wete)
Nimewasomea kamati yote haya. Tumekubaliana tamasha, Jumamosi ya pili kuanzia leo, manila na mnada ndani yake. Mpira tutawaachia watoto wacheze penalti, kipande kimoja mikwaju mitatu. Sasa natafuta sufuria kubwa ya urojo, yetu imetoboka.

Ngalawa77
Sufuria ninayo, ile ya walima. Njooni muichukue. Na elfu mbili yangu niandikeni, nitatoa Ijumaa.