Naomba ushauri: daktari mpasuaji hataki orodha ya usalama thieta

Habari zenu wakubwa. Mimi ni nesi wa thieta, hospitali ya binafsi hapa Nairobi. Tunajiandaa kukaguliwa ili tupate ithibati, na mzigo wote wa makaratasi umetuangukia sisi manesi.

Shida yangu ni ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, yenye vipengele 19. Inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Kwetu inajazwa jioni, watu wakinywa chai. Mpasuaji wetu mkuu (fundi kweli, mikono yake siikosoi) husema hayo ni mambo ya wakaguzi. Wiki jana nilimwomba asubiri tuhesabu shashi (vitambaa vya kufyonza damu, kisije kimoja kikabaki ndani) kabla ya kufunga tumbo. Akaniuliza, "Sista, nani daktari hapa?" Nikanyamaza. Tulipohesabu baadaye, zilitimia, lakini usiku sikulala.

Najua orodha hii ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, jirani zetu Tanzania, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nikimtajia, anacheka.

Waliopitia haya, mlimwingizaje daktari mkubwa kwenye kamati ya hospitali ya usalama wa wagonjwa bila kumvunjia heshima? Nianze na daktari wa usingizi, au niende moja kwa moja kwa matroni? Ukaguzi uko karibu, na saini yangu ndiyo iko kwenye zile fomu.