Sherehe ya mtoto anayetimiza miaka miwili, nyumbani, mada ya ziwa na samaki: naomba ushauri

Mama wa Kitangiri

Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu atatimiza miaka miwili katikati ya mwezi wa Novemba, na mimi na baba yake tumekubaliana kumfanyia sherehe ndogo hapa hapa nyumbani Kitangiri, Mwanza, badala ya kukodi ukumbi. Tumepanga vyumba viwili na sebule, ua tunautumia pamoja na familia nyingine mbili, na nyuma ya ua kuna mwamba mkubwa ambao watoto wa jirani hupenda kuupanda kuwafuata pimbi, jambo linalonitia hofu hata siku zisizo na wageni.

Mada tuliyoichagua ni ziwa na samaki, kwa sababu mtoto mwenyewe, kila tupitapo soko la samaki la Mwaloni, hunyoosha kidole na kupiga kelele akitaja samaki kwa lugha yake. Nilimwendea mpambaji mmoja akanitajia bei inayokaribia kodi yangu ya miezi miwili, kwa ukuta wa maputo na kiti cha kifalme ambacho nina hakika binti yangu angekikimbia. Mfukoni nina shilingi laki moja, chakula kikiwa humo humo. Watoto watakuwa wanane, wengi wa kati ya mwaka mmoja na minne, pamoja na mama zao.

Naomba mnisaidie katika mapambo, chakula, michezo na hasa saa ya kuanzia, maana majirani zangu wa kulia ni Wasabato na wa kushoto huimba kwaya Jumapili asubuhi. Shemeji yangu anasema najisumbua kwa kuwa mtoto hatakumbuka lolote. Hilo nalijua, nataka tu siku yenyewe aifurahie.

Mwalimu wa Chekechea, Nyakato

Hongera, mama, kwa kuchagua kitu ambacho mtoto anakijua kwa macho yake. Nimekaa na watoto wa umri huo kwa miaka mingi, na nimeona wengi wakililia mlangoni kwa sababu wamekuta sura ya katuni kubwa wasiyoifahamu, ilhali samaki, mtumbwi na ndege wa ziwani ni vitu ambavyo mtoto wa Mwanza huvitambua kabla hajaweza kuvitaja.

Mapambo yasikupotezee hata robo ya fedha zako. Tafuta kanga au vitenge vya bluu, vyako na vya majirani, uvitandaze kwenye ukuta mmoja tu wa sebule ili viwe maji; ukuta mmoja unatosha, kwa kuwa picha zote zitapigwa hapo. Juu yake tundika chandarua kuukuu kiwe wavu (sebuleni kwako ndipo mahali pekee ambapo chandarua kinaruhusiwa kukutana na samaki), lakini kifunge juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, asije akajizonga nacho shingoni. Samaki wakate kutoka kwenye maboksi ambayo wenye maduka huyatupa jioni: sangara mmoja mkubwa mwenye urefu wa mkono wako, sato kadhaa wa ukubwa wa sahani, na dagaa wengi wa karatasi ya kung'aa ile ya kufungia chakula. Usihangaike wafanane sana. Jicho na mkia vinatosha kumwambia mtoto kwamba huyu ni samaki.

Kitu kimoja ambacho ningekiwekea nguvu zaidi kuliko vyote ni mtumbwi. Omba boksi la friji au la televisheni kubwa dukani, likate upande wa juu, chonga ncha mbele na nyuma, kisha uandike jina la binti yako ubavuni kwa herufi kubwa kama mitumbwi yetu inavyoandikwa majina na misemo. Watoto wawili au watatu wataingia, watatoka, wataingia tena, na wewe utapata nafasi ya kunywa chai. Mchezo wa pili na wa mwisho uwe wa kuvua: samaki wa maboksi wamwagwe ndani ya beseni pana, kila mtoto apewe kichujio cha plastiki au kikombe chenye mkono, awachote na kuwatia kwenye kikapu. Usiweke ushindani wala zawadi ya mshindi. Mtoto wa miaka miwili hajui kushindana, anajua kunyang'anya.

Kuhusu saa, ukikosa asubuhi ya Jumamosi na ya Jumapili, subiri usingizi wa mchana upite. Jumapili saa tisa hadi saa kumi na moja itakufaa, na saa ya kumaliza iandike kwenye mwaliko bila kuona haya.

Mjomba wa Igogo

Dada yangu, ushauri wa mwalimu ni mzuri, lakini sherehe bila muziki ni kikao. Tafuta spika ya kukodi na kijana mmoja wa kushika kipaza sauti, na keki ikishakatwa mmwagie mtoto maji kidogo kama tufanyavyo wengine, vinginevyo siku ya kuzaliwa haijawa. Na kama mada ni ziwa, kwa nini usiweke maji halisi kwenye hilo beseni, au mwende ufukweni kabisa watoto wacheze majini? Ziwa lenyewe ni bure.

Muuguzi Mstaafu

Mjomba, shikamoo kama umenizidi umri, ila katika hayo manne naomba nikupinge kwa heshima.

Kumwagiwa maji ni utani wa vijana wanaojua kwamba wanataniwa. Mtoto wa miaka miwili anachokijua ni kwamba watu anaowaamini wamemgeukia ghafla, na baada ya hapo hatatulia hata kwa keki. Spika kubwa katika sebule ndogo itamfanya hivyo hivyo. Simu iliyowekwa juu ya kabati inatosha kwa nyimbo anazozijua.

Beseni lenye maji ndilo linalonitisha zaidi. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kulingana na mwili wake. Akiinama na kutumbukia, mara nyingi hawezi kujiinua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha bila yeye kutoa sauti. Katika nyumba yenye wageni kila mtu hudhani mwingine anaangalia. Kwa hiyo wavue samaki wa maboksi katika beseni kavu, na siku hiyo ndoo zote za bafuni na za uani zimwagwe au zifunikwe na kufungiwa mlango. Ufukweni nako si bure kama unavyosema, kwa kuwa kando ya ziwa letu, hasa penye majani na maji yaliyotulia, kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na mtu huambukizwa kupitia ngozi tu, bila hata kunywa.

Mama, kwa upande wa chakula, ondoa mezani karanga, bisi, pipi ngumu, jojo na ubuyu wa rangi. Ubuyu husahaulika kwa sababu tumeuzoea, lakini mbegu yake ina ukubwa unaoweza kabisa kuziba koo la mtoto. Soseji na zabibu zikatwe kwa urefu, vipande vinne vinne, kwa maana kipande cha mviringo huziba kama kizibo. Sato ni mtamu lakini miba yake ni mingi. Kwa watoto nunua minofu ya sangara, uipapase kwa vidole kabla ya kuipika na baada ya kuipika. Wapikie viazi vitamu vya kuchemsha, wali laini, ndizi mbivu na tikiti lililotolewa mbegu, nao watashiba. Kama kuna mgeni ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asionjeshwe asali hata kidogo.

Maputo, kama lazima yawepo, yawe machache na yawe juu. Puto lililopasuka likiingia mdomoni huvutwa pamoja na pumzi, nalo hunata kooni kiasi kwamba kulitoa ni kazi ngumu, kwa hiyo kila linapopasuka vipande viokotwe papo hapo. Na umteue mtu mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake ni kulinda mlango wa nyuma unaoelekea kwenye ule mwamba. Asiwe mwenye kupakua chakula.

Mpishi wa Mkolani

Kwa keki huhitaji jiko la umeme. Mimi hupika kwa mkaa, nayo haina tofauti na ya tanuri isipokuwa kwa anayetaka kuringa. Saga siagi robo kilo na sukari robo kilo hadi ziwe nyeupe na laini, ongeza mayai manane moja moja ukiendelea kukoroga, tia maganda ya limau yaliyokwaruzwa, kisha unga wa ngano nusu kilo uliochekechwa na vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Sufuria ya keki iingie ndani ya sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu na kupashwa moto, ufunike, halafu upalie. Makosa ya wengi ni kuweka moto mwingi chini, keki ikaungua kitako huku katikati ni uji. Mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko, chini ubaki mchache. Baada ya dakika arobaini choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

Ipike Jumamosi jioni. Usiipake krimu ya siagi, kwa joto la sebule iliyojaa watu itateleza ukutani pamoja na samaki wako. Ikate umbo la samaki: kutoka kwenye keki ya duara toa kipande cha pembetatu upande mmoja, pengo lililobaki liwe mdomo, kipande ukigeuze na kukibandika upande wa pili kiwe mkia. Magamba yawe vipande vyembamba vya ndizi, uvipange dakika chache kabla ya kuileta, vikiwa vimepakwa ndimu visigeuke vyeusi.

Mama wa Kitangiri

Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa mlinisaidia. Tulitumia elfu themanini na nne, nyingi zikiwa za sangara na mayai. Mvua ya vuli ilishuka saa tisa na nusu, wote tukajazana sebuleni, na mwamba ukajilinda wenyewe.

Ukuta wa kanga ulipigiwa picha nyingi, lakini watoto hawakuutazama. Mtumbwi ndio uliokuwa sherehe, mwalimu, ingawa ulipasuka ubavu kabla ya saa kumi baada ya watoto watano kuingia kwa pamoja, na tulipoufunga kwa gundi ya karatasi wakafurahia kuufungua kuliko kuupanda. Katika uvuvi, binti yangu alimchukua sangara mkubwa mwanzoni kabisa na hakumwachia mtu hadi wageni walipoondoka. Keki ilikolea vizuri. Niliipalia kama nilivyoelekezwa, ila mkia ulikatika nikaubandika kwa asali, kisha nikakumbuka maneno ya muuguzi, nikauondoa, wakaula watu wazima jikoni.

Mjomba wa mtoto, kaka yangu mwenyewe, alikuja na kikombe cha maji amekificha mgongoni. Nilimpa beseni kavu akavue na wenzake.