Naomba ushauri: akili mnemba imetugawa kwenye kundi la mashairi

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Nasimamia kundi la WhatsApp la watunzi wa mashairi, tuko 38, wa Tanga na Mombasa. Juzi kijana mmoja alileta tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti), mstari wa kwanza: "Bahari yetu ya Tanga, inang'aa kama dhahabu." Mzee mmoja akahesabu kwa vidole: ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) mizani, yaani silabi, 8, utao (nusu ya pili) 9, hazilingani! Kijana alipobanwa akakiri kuwa akili mnemba ilimsaidia kutafuta vina. Sasa wazee wanataka atolewe. Vijana nao wanasema basi hata kamusi ipigwe marufuku. (Mimi naona kamusi haikutungii mstari, ila hata mimi simu hunisahihishia tahajia.)

Nilijaribu programu ya kutambua maandishi ya mashine, ikadai shairi langu la mwaka 1998 limeandikwa na mashine. Nikaifuta. Nikaomba watu watume kwa sauti, lakini kughani si kutunga.

Mliopitia hili, mpaka mliuweka wapi? Na mtu akikana, mnajiridhishaje bila kumdhalilisha mbele ya wenzake?