Mjadala: Je, ni sawa mhadhara wa kiprofesa kumalizika bila maswali ya wananchi?

Mtoa mada, Moshi mjini

Ndugu zangu wa Kilimanjaro na Arusha, naleta hoja ambayo kwa muda mrefu imejadiliwa ndani ya kuta za vyuo tu, kama imejadiliwa kabisa. Msomi anapofikia cheo cha profesa kamili, vyuo vingi humwandalia mhadhara wa kiprofesa, yaani siku ya kuueleza umma taaluma yake imefika wapi, nini kimethibitika, nini bado kinabishaniwa, na yeye mwenyewe ameongeza nini. Katika mihadhara ya aina hiyo niliyoihudhuria, ratiba haikutofautiana sana: maandamano ya majoho, wimbo wa chuo, wasifu wa profesa kuanzia shule ya msingi aliyosoma, mhadhara wenyewe, neno la shukrani, picha ya pamoja, kisha chakula. Maswali hayamo. Ukiuliza sababu, unaambiwa kwamba ndiyo desturi tuliyoipokea kutoka vyuo vya Uingereza, ambako mhadhara huu ni wa heshima na mtoaji hahojiwi. (Wasifu peke yake, niseme pembeni, hula muda ambao ungetosha maswali kadhaa na majibu yake.)

Msimamo wangu ni kwamba profesa anayeeleza hali ya taaluma yake mbele ya watu wanaoishi na matokeo ya taaluma hiyo anapaswa kuulizwa papo hapo, na waulizaji wasiwe maprofesa wenzake tu.

Chukueni barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ambayo sisi wa Moshi huiona alfajiri kabla mawingu hayajaufunika mlima. Mwaka 2002 timu ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson wa Marekani ilichapisha utafiti uliokadiria kwamba, mwenendo ukiendelea ulivyokuwa, barafu hiyo ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Makadirio hayo hayakutoka hewani, kwa sababu tangu 1912 hadi 2000 eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 80. Hata hivyo 2020 imepita na barafu, ingawa imezidi kupungua, bado ipo. Wakati huohuo wataalamu wengine, akiwamo Georg Kaser wa Austria, walishikilia kwamba ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una mchango mkubwa, na kwamba kupanda kwa joto peke yake hakutoshi kueleza kinachotokea kule juu. Ubishi kama huu ndio hali halisi ya taaluma. Profesa wa tabianchi akiuelezea mjini kwetu kisha akashuka jukwaani huku anapigiwa makofi, mpagazi aliyeketi nyuma ataondoka bila kujua kama makadirio yanayotolewa leo yamejifunza chochote kutokana na yale ya 2002, na mkulima wa Kilema ataendelea kuamini kwamba mfereji wake unalishwa na barafu, wakati sehemu kubwa ya maji yetu hutokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu. Swali moja lingefungua yote hayo.

Naomba kuwasilisha.

Mhadhiri, Tengeru

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na naomba kutofautiana nawe. Mhadhara wa kiprofesa ni mojawapo ya nafasi chache sana zilizobaki ambapo mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka mingi hupewa muda wa kujenga hoja ndefu bila kukatizwa. Mikutano ya kisayansi humpa dakika 15, darasa humbana na mtaala, na vyombo vya habari humtaka sentensi mbili. Ukifungua maswali, nawe unazijua shughuli zetu za hadhara, atakayeshika kipaza sauti kwanza ni mheshimiwa fulani, naye hataleta swali bali hotuba.

Wala si kweli kwamba kutouliza ni kudharau wananchi. Mwandishi Friedrich Schiller alipotoa mhadhara wake wa kwanza pale Jena, Ujerumani, mwezi Mei 1789, akieleza historia ya ulimwengu ni nini na tunaisoma kwa lengo gani, watu walifurika hadi ikabidi waondoke kwa mbio kupitia mitaa ya mji kuelekea ukumbi mkubwa zaidi. Walikimbilia kusikia.

Tena taaluma hujibizana kwa maandishi, na hapa nchini tunao mfano mzuri. Mwaka 1969 Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa historia Dar es Salaam, alitoa mhadhara wa kiprofesa akitetea kwamba historia ya Tanzania iandikwe kwa kutazama juhudi na maamuzi ya Waafrika wenyewe, badala ya matendo ya wakoloni. Mhadhara ukachapishwa. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper wakaandika kuukosoa vikali mkondo huo wa wanahistoria wa Dar es Salaam, wakidai kwamba umegeuka kuwa historia ya kulitumikia taifa, naye Ranger akawajibu. Wanafunzi wa historia bado wanausoma ubishi huo, na wanaweza kuusoma kwa sababu uliandikwa. Swali la ukumbini husahaulika kabla watu hawajafika kwenye kituo cha vifodi (daladala).

Karani mstaafu wa chama cha msingi, Kibosho

Mwalimu wa Tengeru, heshima kwako. Majibizano hayo unayoyasifu yalichapishwa katika majarida ambayo sisi huku hatukuwahi kuyashika mkononi, hivyo nashindwa kuona yalitujibu nini.

Nieleze linalonigusa. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro una mizizi tangu miaka ya 1920, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Kilimanjaro, ikaundwa 1933, na chuo cha ushirika kimekuwapo hapa Moshi tangu 1963, hadi kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1976, serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kisha sheria ya 1982 ikaruhusu virudi. Sisi makarani tulibaki na daftari za wakulima na mizani, tukielezwa leo hivi na kesho vile. Profesa wa ushirika akisimama kueleza hali ya taaluma yake, mimi sihitaji kusikia tena nadharia za waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, za mwaka 1844, ingawa ni nzuri na nilizifundishwa. Nataka nimwulize taaluma yake ilisema nini mwaka ule wa 1976 vyama vilipovunjwa, ilimwambia nani, na kama ilinyamaza, ilinyamaza kwa nini. Swali hilo halina jarida la kulipeleka.

Mama wa Maji ya Chai, Arumeru

Shikamoo mzee wa Kibosho, umelisema jambo. Mimi naongeza kwamba ruhusa ya kuuliza bila lugha ya kuulizia ni bure. Huku kwetu maji yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu rangi ya meno yakizidi, kutokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru. Mwanangu ana meno ya kahawia, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja, hasa tukienda mjini ambako watoto wenzake wana meno meupe. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita; nchini mwetu kwa miaka mingi kiliruhusiwa kiwango cha muda cha miligramu 8, kikashushwa hadi 4, na baadaye 1.5. Maji ya bombani kwetu hayakubadilika kwa sababu tarakimu imebadilika kwenye karatasi.

Ipo teknolojia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa muda mrefu. Basi mtaalamu akihadhiri kuhusu uchujaji huo kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, nitamwulizaje mkaa huo unachoka baada ya ndoo ngapi, na nitajuaje kwamba umechoka, wakati floraidi haina rangi wala harufu? Mwalimu wa Tengeru, hilo si swali la mheshimiwa, ni swali la jikoni, na jibu lake lingemsaidia hata profesa kujua kwa nini baadhi ya majirani wameiacha mitambo hiyo ikae uani.

Mtoa mada

Nakubaliana na mhadhiri kuhusu hatari ya hotuba. Hilo halina ubishi kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara. Dawa yake ni rahisi. Muhtasari wa mhadhara, kurasa mbili za Kiswahili, usambazwe wiki moja kabla kupitia ofisi za kata na vyama vya msingi, na maswali yakusanywe kwa karatasi. Wasifu uchapwe na kugawiwa mlangoni badala ya kusomwa. Muda utakaopatikana, mwenyekiti asome maswali, na profesa ajibu kwa Kiswahili hata kama mhadhara wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. Joho na wimbo vibaki, sina ugomvi navyo.

Mhadhiri, Tengeru

Maswali ya karatasi nayaafiki, na swali la mama kuhusu kuchoka kwa mkaa ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye makongamano. Bado sijaridhika kwamba yajibiwe palepale. Mtaalamu mwaminifu hutaka arudi kwenye takwimu zake kabla ya kutaja idadi ya ndoo, na akilazimishwa kujibu akiwa amesimama mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo, atajibu kwa kujihami. Napendekeza majibu yachapwe mwishoni mwa kijitabu cha mhadhara, ndani ya miezi mitatu, pamoja na majina ya vijiji yalikotoka maswali.

Karani mstaafu, Kibosho

Miezi mitatu tutaivumilia, mwalimu. Lakini yale yanayoweza kujibiwa siku hiyo yajibiwe siku hiyo, na kijitabu kiletwe ofisi ya chama cha msingi, kisiishie duka la vitabu la chuo.