Bekihendi ya mkono mmoja kwa sisi wa nyanda za juu: nibaki nayo, nihamie mikono miwili, au nitegemee slaisi?

Forest_Mbeya

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 34, naingia mwaka wa tatu nikicheza tenisi hapa Mbeya, natumia mkono wa kulia. Bekihendi yangu (pigo la upande wa kushoto) ni ya mkono mmoja tangu siku ya kwanza, na naipenda kweli. Mpira ukija usawa wa kiuno naupiga vizuri, hata mshazari unatoka. Kasheshe ni ule unaodunda na kupanda hadi begani. Hapo raketi inakuwa kama si yangu: ama mpira unagonga fremu, ama unafia kwenye wavu. Wenzangu wa Jumamosi wameshalijua hilo. Juzi nimefungwa 6-2, 6-1 na mtu ambaye kwa fohendi (pigo la upande wa kulia) namzidi, kwa sababu kila mpira aliupandisha kushoto kwangu akasubiri nikosee.

Naona njia tatu, naomba mnisaidie kuzipima. Ya kwanza nihamie mikono miwili. Ya pili nibaki na mkono mmoja, ila nibadilishe mshiko na kurudi kwenye msingi. Ya tatu upande huo nipige slaisi tu (pigo la kuukata mpira ili uzunguke kinyumenyume), pointi nizitafute kwa fohendi.

Kuna ukuta wa kupigia karibu na ninapokaa, na nina saa moja asubuhi mara tatu kwa wiki kabla ya kazi. Kocha wa kudumu sina. Aliyepitia hili anieleze pia ilimchukua muda gani.

Uyole_MikonoMiwili

Mkuu, mimi nilihama nikiwa na miaka 29 na sijutii hata siku moja.

Watu wengi wakihama wanakosea jambo moja: wanaongeza mkono wa kushoto halafu wanaendelea kupiga kwa wa kulia. Kwa sisi tunaotumia kulia, bekihendi ya mikono miwili ni fohendi ya mkono wa kushoto, na wa kulia unasindikiza tu. Nilipolielewa hilo nilienda ukutani wiki mbili nikipiga fohendi kwa mkono wa kushoto peke yake, nimeshika juu ya kishikio. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu sana. Ya pili mkono ukaanza kukubali.

Muda: wiki sita za mwanzo nilicheza vibaya kuliko zamani, na ilifika mwezi wa nne ndipo nikaanza kuiamini kwenye mechi. Mpira wa begani sasa haunisumbui, maana kuna mkono wa pili nyuma ya raketi. Sevu ya nguvu (pigo la kuanzisha pointi) nairudisha kwa mzungusho mfupi tu wa raketi. Nilichopoteza ni urefu wa mkono. Mpira wa pembeni kabisa unanidai hatua moja zaidi, na nikichelewa nalazimika kuachia mkono mmoja nipige slaisi hivyo hivyo.

Halafu tuwe wakweli, hata huko juu wanaihama. Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora ya ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) ianze mwaka 1973, kumi bora ya wanaume haikuwa na mchezaji hata mmoja wa mkono mmoja.

Gangilonga_Dada

Kaka Uyole, hiyo ya Februari ni kweli, lakini Grigor Dimitrov alirudi kwenye kumi bora Aprili mwaka huo huo akiwa na mkono wake mmoja. Na habari ya kumi bora ya dunia haimsaidii sana mtu wa miaka 34 mwenye masaa matatu kwa wiki.

Forest, kabla hujabadilisha mkono, angalia mahali unapocheza. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi Iringa tupo chini kidogo tu ya hapo. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo mpira haupunguzwi mwendo kama Dar, na topspini (mzunguko wa mpira kwenda mbele) haiuvuti chini haraka kama pwani. Unakuja upesi, unadunda juu. Mtu wa mkono mmoja anapenda mpira wa kiunoni, huku kwetu anapewa wa begani. Nimekulia Iringa na nilicheza miaka miwili Dar. Bekihendi ile ile iliyoonekana nzuri kule, niliporudi hapa nikahisi nimesahau kucheza.

Kwa hiyo swali lako naligeuza: mpira wa begani unaukwepaje usikukute begani? Majibu ni mawili. Unarudi nyuma hatua mbili tatu uusubiri ushuke, au unaingia mbele na kuupiga ukiwa bado unapanda, haujafika kifuani. Stan Wawrinka, bingwa wa mkono mmoja, alikuwa wa kurudi nyuma, anajipa nafasi ya kuzungusha mkono wote. Kwa njia hiyo alichukua mataji makubwa ya Australia 2014, Ufaransa 2015 na Marekani 2016. Roger Federer, naye wa mkono mmoja, aliteswa miaka na miaka na topspini ya Rafael Nadal iliyompandia kwenye bekihendi, akapoteza kwake fainali nne za Paris (mashindano ya Ufaransa): 2006, 2007, 2008 na 2011. Fainali ya Melbourne (mashindano ya Australia) 2017, akiwa na miaka 35, alisogea karibu na mstari akaipiga mapema, na akashinda seti tano. Ni ugonjwa ule ule ulio nao wewe, na mkono hakuubadilisha. (Raketi aliibadilisha, ndiyo. Mwaka 2014 alihamia yenye uso mkubwa zaidi, kutoka inchi za mraba 90 hadi 97.)

Mimi nakushauri njia ya pili. Na usidhani inahitaji misuli: Justine Henin ana urefu wa sentimita 167 hivi na bekihendi yake ya mkono mmoja ilimpa mataji saba makubwa, manne ya Paris.

Mzee_Mafinga

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimecheza zaidi ya miaka thelathini kwa mkono mmoja na nitamtetea slaisi, kwa sababu mnampita kama jirani maskini.

Slaisi haitaki mguu wa haraka wala bega la kijana. Mpira wa begani ndio hasa chakula chake: unashika mshiko wa nyundo, raketi inaanzia juu ya bega la kushoto, uso wake umelala kidogo, unashuka nayo kuelekea kwenye wavu kama unayeparaza ubao. Mpira ukidunda unabaki chini, naye mwenye topspini lazima ainame. Msimu wa mvua, korti ikiwa na unyevu, haunyanyuki kabisa.

Ila sitamdanganya mtu. Huku juu slaisi ya nguvu inatoka nje ya mstari wa nyuma, hivyo ipigwe taratibu. Na ukiwa na slaisi peke yake, mpinzani akikimbilia kwenye wavu umekwisha, huna cha kumpita nacho. Ndiyo maana nasema ajifunze slaisi kwanza, ndani ya mwezi apate pa kujificha, huku ile nyingine akiijenga polepole.

Forest_Mbeya

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Dada wa Gangilonga, hilo la mwinuko sikuwahi kulifikiria, nilijua tatizo ni mimi tu. Naomba unieleze mshiko na namna ya kutumia ukuta. Sasa hivi nashika mshiko wa nyundo kwa kila kitu.

Makambako_Nyuzi

Kabla dada hajajibu naomba niingize la kiwiko, maana lilinitoa uwanjani miezi mitano.

Nilikuwa na tatizo kama lako, mpira unakimbia sana. Nikaambiwa nikaze nyuzi ili nipate udhibiti, na aliyenifungia akaniwekea nyuzi za poliesta za paundi 58. Udhibiti nilipata. Wiki ya tatu nilishindwa kuinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Maumivu yalikuwa kwenye kifupa cha nje ya kiwiko, pale misuli inayoinua kiganja inapojishikiza. Bekihendi ya mkono mmoja iliyochelewa inapiga hapo hapo: mpira unakukuta pembeni ya mwili, kifundo kinakunjwa na kusukumwa, na misuli ile ndiyo inayobeba mtikisiko wote.

Sasa natumia nyuzi laini za paundi 50, na kila siku nafanya zoezi la kushusha uzito polepole. Mkono wa mbele unalala juu ya meza, kiganja kimetazama chini nje ya ukingo, nimeshika chupa ya maji ya nusu lita. Naipandisha kwa msaada wa mkono wa kushoto, naishusha kwa wa kulia peke yake nikihesabu hadi nne. Forest, ukisikia kiwiko kinauma usikaze moyo. Simama.

Tukuyu_Fizikia

Naongeza kwa kifupi kuhusu mipira, kwa sababu watu wanakaza nyuzi kumbe dawa iko kwenye kopo. Mpira wa kawaida umejazwa hewa kwa ajili ya pwani. Shinikizo la hewa ya nje kwa Mbeya ni kama kilopaskali 82, baharini ni 101. Ile ya ndani haijabadilika, kwa hiyo mpira unakuwa mgumu na kuruka zaidi. Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, lina aina maalumu ya mpira kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219, na sisi wote humu tuko juu ya hapo. Ukikosa hiyo, kwa mazoezi tumia mipira iliyofunguliwa wiki mbili tatu, ikishapungua hewa inadunda kwa adabu. Na baridi nayo ina kazi yake: asubuhi ya Julai mpira umelala, saa nane mchana Oktoba unaruka. Usijipime kwa asubuhi peke yake.

Gangilonga_Dada

Asante Tukuyu. Makambako, pole sana, na umesema jambo la msingi: karibu kila kosa la bekihendi hii ni kuchelewa.

Forest, mshiko kwanza. Kishikio kina pande nane. Simamisha raketi kama kisu, ukingo wake ukitazama chini. Fundo la chini la kidole cha shahada, ambalo kwenye mshiko wa nyundo liko kwenye ubavu wa juu kulia, lihamishie kwenye upande wa juu kabisa. Huo ndio mshiko wa isteni wa bekihendi. Ukizoea, kwa mipira ya juu unaweza kusogeza upande mmoja zaidi kuelekea kushoto. Mkono wa kushoto ndio unaobadilisha mshiko: umeshika shingo ya raketi, unaizungusha wakati mabega yanageuka. Mabega yageuke mpaka mpinzani aone mgongo wako kidogo.

Kisha mahali pa kukutana na mpira. Ni mbele ya mguu wa kulia, mbele kuliko unavyodhani, mkono ukiwa umenyooka. Chukua taulo, shika ncha mbili mbele ya kifua, halafu ivute kwa ghafla mpaka ikaze, kulia kuelekea mbele, kushoto kuelekea nyuma. Umeona kifua kilivyobaki ubavu? Hivyo ndivyo mikono inavyoachana wakati wa kupiga. Mkono wa kushoto ukija mbele, kifua kinafunguka, raketi inakata mpira kwa pembeni, na kiwiko kinalipa.

Ukuta sasa. Ukuta ni mzuri kwa mdundo na kwa kugeuka haraka, lakini unakudanganya: unakurudishia mipira ya chini tu. Unaweza kupiga mia tano kwa siku na bado Jumamosi ukafungwa begani. Chora mstari wa chaki mita moja kutoka chini (wavu katikati ni sentimita 91.4) na ulenge juu yake kwa kiasi cha mita. Dakika ishirini zinatosha. Zinazobaki achana na ukuta. Upigize mpira chini kwa nguvu mbele yako upande wa kushoto, udunde hadi begani, na uupige. Mara kumi ukiushusha hadi kiunoni, mara kumi ukiuwahi unapanda. Ukipata rafiki wa kukurushia kwa mkono kutoka kwenye wavu ni bora zaidi. Kocha hata mara moja kwa mwezi atakuonyesha usichokiona.

Slaisi ya mzee iwe ndani ya hayo yote. Hatuchagui kati yake na hii.

Uyole_MikonoMiwili

Dada, nakubali maelezo, ila nisimame kidogo na njia yangu: mtu asiye na muda wa kugeuka mapema, au mwenye miguu mizito, mikono miwili inamsamehe zaidi. Bingwa wa zamani Pete Sampras alihama kwenda mkono mmoja akiwa na miaka 14 akiwa na miaka mingi mbele yake. Forest ajipe miezi mitatu. Mpira wa begani ukiendelea kumfunga, aje tuonane Uyole, nitampa zoezi la mkono wa kushoto.

Forest_Mbeya

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba.

Nilifuata njia ya pili pamoja na slaisi ya mzee. Wiki mbili za kwanza mipira yote ilienda nje kushoto. Nilipopigwa picha ya video nikaona mkono wangu wa kushoto unanyanyuka na kuja mbele kila mara, kama dada alivyosema. Nikaanza kila asubuhi na taulo kabla ya raketi.

Jumamosi nimecheza na yule yule. Kanifunga tena, ila 7-5, 6-4. Seti ya pili tukiwa 3-3 alinipandishia kushoto kama kawaida yake. Niliona mpira ukiacha saruji, nikaingia hatua moja badala ya kurudi, nikaukuta usawa wa mbavu. Ulikwenda sambamba na mstari wa pembeni, naye hakusogea. Mchezo mzima baada ya hapo alianza kunichezea kwenye fohendi.

Kilichobaki ni sevu yake ya pili, inayoruka kuja begani. Kuiingia bado nachelewa, nikirudi nyuma nagota kwenye uzio.

Mzee_Mafinga

Hongera mwanangu. Hiyo ya sevu ipige slaisi mshazari, ndefu, ndani ya mstari wa nyuma, halafu rudi katikati. Ya kuiwahi itakuja na miguu.

Gangilonga_Dada

Naunga mkono mzee. Na geuza mabega anaporusha mpira juu kama umeshaona anakulenga kushoto, usisubiri uvuke wavu. Tuwekee video ukirudisha sevu, ipigwe kutoka nyuma yako.