Tupeane uzoefu: ukipeleka gari sevisi kwa wakala, unafanyiwa nini hasa?

Mkazi wa Milimani, Nakuru

Habari zenu wadau. Gari langu linakaribia kilomita 40,000, na wakala aliyeniuzia amenipa bei ya sevisi kubwa. Nilipouliza hiyo kubwa ina nini ndani, nikasomewa orodha ndefu kwa simu: breki, gia oili, filta, plagi, mikanda, kulanti (maji ya kupozea injini), betri, saspensheni. Ungedhani gari zima linafanywa upya. Jioni nikafungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa ratiba ya matengenezo. Kila mstari una herufi yake: R ni kubadilisha, I ni kukagua. Mengi ya niliyosomewa yana I.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumzie. Kukagua ni kazi, tena kazi ya maana. Fundi anayelala chini ya gari na tochi kutafuta mpira uliopasuka anastahili malipo yake. Lakini mteja anayedhani breki oili imebadilishwa, kumbe imetazamwa tu, ataendesha miaka miwili akiamini ana kitu kipya. Hilo ni suala la usalama kabla halijawa suala la pesa. Kwa hiyo tuambizane: ulilipia nini, ukapata nini, na uliuliza nini kabla ya kukabidhi ufunguo? Taja mji na aina ya gari. Jina la kampuni liache.

Zamani Mapokezi, Kisumu

Nimefanya kazi kwenye dawati la mapokezi la karakana ya wakala kwa miaka kadhaa, acha nieleze inavyopangwa.

Sevisi ndogo ni oili ya injini, filta ya oili, na ile washa ndogo (kipete cha kuzuia kuvuja) ya bolti ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Vilivyobaki ni kutazama na kupima: unene wa pedi za breki, upepo wa tairi, taa, waipa, kiwango cha maji na oili zote. Hiyo washa msiidharau. Huminywa mara moja tu ili izibe vizuri. Ikirudishwa ya zamani, baada ya wiki unaanza kuona matone meusi kwenye sakafu unapoegesha. Bei yake ni ndogo sana, na ikiwa haimo kwenye ankara, uliza kwa nini.

Sevisi ya kati kwa kawaida huongeza filta ya hewa na kusafisha breki. Kubwa ndiyo inayogusa filta ya mafuta, breki oili, plagi, na kwa magari mengine kulanti au gia oili. Nasema "kwa magari mengine" kwa makusudi. Kubwa ya kilomita 40,000 si ile ya 80,000, na kubwa ya Mazda ya petroli si ya Hilux ya dizeli. Mfano ni plagi. Zile za kawaida huisha mapema, lakini za iridiamu hutengenezwa zifike kilomita 100,000 hivi kwenye magari mengi. Ukiambiwa zinabadilishwa kwenye 40,000, uliza gari lako linatumia aina gani.

Leba, yaani malipo ya kazi ya fundi, nayo watu hawaielewi. Karakana ya wakala haihesabu saa za ukutani, inahesabu saa zilizoandikwa na kiwanda kwa kila kazi. Kazi ikiandikwa saa moja na fundi akamaliza mapema, unalipa saa moja. Bolti ikigoma akahangaika saa mbili, bado unalipa moja. Kisha kuna VAT ya asilimia 16: ukitajiwa 20,000 kabla ya kodi, utalipa 23,200. Uliza bei uliyotajiwa ni ya kabla au ya baada.

Visivyomo: pedi, tairi, alaimenti, balansi, betri, balbu, waipa. Vikionekana vimechoka huandikwa kama mapendekezo, halafu unapigiwa simu. Na simu hiyo hukukuta kazini, mkutanoni, unajibu "sawa, endeleeni". Hiyo "sawa" ndiyo idhini, na inaandikwa kwenye kadi ya kazi pamoja na saa uliyoitoa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiandika. Sema tu: nitumie bei kwa ujumbe kwanza, pamoja na picha ya hicho kilichochakaa. Karakana nzuri hutuma bila kununa.

Dereva wa Nakuru–Kisumu

Mimi niongezee hapo kwa breki oili. Hii barabara yetu naijua. Unatoka Mau Summit unateremka Sachang'wan mpaka Salgaa, mguu uko kwa breki karibu muda wote. Siku moja nikiwa na abiria pedali ikaanza kulegea, inashuka chini kuliko kawaida. Nikarudisha gia ndogo, nikapunguza mwendo pole pole, tukafika Salgaa salama, nikasimama breki zipoe. Ankara ya sevisi iliyokuwa imefanywa juzi juzi iliandika hivi: mfumo wa breki, umekaguliwa. Na kweli walikagua, kiwango kwenye kikopo kilikuwa sawa. Lakini oili yenyewe ilikuwa imezeeka.

Fundi niliyempelekea baadaye alikuwa na kapimo kadogo ka umbo la kalamu, anakatumbukiza kwa kikopo cha breki oili. Taa nyekundu ikawaka. Akanieleza kwamba breki oili hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na ikishakuwa na maji ndani huchemka haraka breki zikipata moto. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inazama. Ile aliyoitoa ilikuwa na rangi ya strungi. Mpya inapita mwanga, ina manjano kidogo tu. Vitabu vingi vinasema miaka miwili au kilomita 40,000. Wewe wa Milimani, kama utabadilisha kitu kimoja tu kwa hiyo 40,000, tafadhali iwe hiyo.

Mama Shamba, Kitale

Asante sana dereva, na Mungu azidi kukulinda.

Sisi wa pikapu za dizeli tuna jambo letu. Chini ya filta ya dizeli kuna kifungulio cha kutoa maji. Kwenye sevisi ndogo filta haibadilishwi, lakini maji yanapaswa kutolewa, na hiyo ni kazi ya dakika chache ambayo ni rahisi sana kurukwa. Siku hizi namwomba fundi atoe mbele yangu, kwenye chupa ya kioo. Ukiiacha itulie unaona yenyewe: maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini na mstari kati yao unaonekana wazi. Maji hayo yakipita mpaka kwenye nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, utajua bei ya nozeli.

Tena, wanaoishi kwenye murram msisome ratiba ya kawaida peke yake. Vitabu vingi vina ukurasa wa pili, wa matumizi magumu: vumbi, mizigo mizito, kuvuta trela, safari fupi fupi. Huko vipindi vya oili na filta ya hewa hufupishwa, mara nyingi hadi nusu. Barabara yetu ya kwenda shamba wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu mtindo mmoja. Filta ya hewa ukiigonga kwenye gurudumu inamwaga unga. Nilipomwambia afisa wa mapokezi gari linafanya kazi wapi, alibadilisha ratiba yangu pale pale. Hakuwa ameniuliza, lakini nilipomwambia alisikia. Waambieni.

Mwalimu, Kakamega

Langu ni la Japani, lilikuja limetumika. Wakala wengine hupokea magari haya na wengine hawapendi, lakini wakikupokea hakikisha spea zinatafutwa kwa namba ya chasisi, si kwa jina la gari tu. Gari moja kwa jina laweza kuwa na injini mbili tofauti. Subaru zenye injini za EJ, kwa mfano, zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na zile za FB zina cheni. Mkanda ukikatika, injini inaweza kuharibika vibaya. Hilo si la kubahatisha.

Fungueni mlango wa dereva au boneti mtazame stika za Kijapani. Nyingi huonyesha oili ilibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya kifalme, H ikiwa enzi ya Heisei na R ya Reiwa: H30 ni 2018, R5 ni 2023. Hapo unapata pa kuanzia, maana kitabu chenyewe mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inasoma ratiba vizuri.

Na filta ya AC, ile inayochuja hewa mnayovuta ndani ya gari! Nilivuta droo ya dashibodi ya abiria nikaitoa nje: imejaa majani makavu na sindano za msonobari, miti ambayo haipo mtaani kwetu. Ilikuwa bado ile ile iliyotoka nayo Japani, na gari lilikuwa limeshapitia sevisi hapa zaidi ya mara moja. Haikuwa imo kwenye orodha, wala hakuna aliyesema ilikuwa imo. Mwanangu ana pumu, kwa hiyo jambo hili liliniuma.

Wa Mamboleo, Kisumu

Kwa heshima zote, mimi napeleka kwa fundi wangu wa mtaani na gari linatembea. Anafanya yote hayo mbele yangu, kwa bei nafuu. Kwa nini nilipie viti vya ngozi na chai ya mapokezi ya wakala?

Zamani Mapokezi, Kisumu

Ndugu yangu, kama fundi wako anasoma kitabu na anakuonyesha spea mpya kabla ya kufunga, huna kosa. Mambo mawili tu. La kwanza, gari likiwa bado chini ya warranti, soma masharti kabla ya kulipeleka nje, na weka risiti zote. Warranti inalipia kasoro ya kiwanda, sevisi unajilipia mwenyewe, lakini bila rekodi ya sevisi dai lako linaweza kukataliwa. La pili ni gia oili. Nissan yenye CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) hutaka oili ya aina ya NS-2 au NS-3 kulingana na mwaka wake. Toyota nyingi za otomatiki hutaka oili ya aina ya WS. Ukiwekewa ile ya kawaida kwa sababu "oili ni oili", gia boksi itaanza kuvuma na kuteleza, na hiyo si spea ya kununua kila siku. Nunua mwenyewe mkebe uliofungwa, ufunguliwe ukiona.

Karani wa Sheria, Eldoret

Kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inazungumzia makadirio ya bei, idhini ya mteja kabla ya kazi, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Inawahusu wakala na fundi wa mtaani sawasawa. Omba filta na pedi zako za zamani mapema, siku unayoacha gari. Ukiomba jioni zimeshatupwa.

Mkazi wa Milimani, Nakuru

Nawashukuru kwa dhati. Leo nimemwandikia afisa wa mapokezi, nikamwomba aweke kila kitu kwenye moja ya safu mbili: kinachobadilishwa na kinachokaguliwa, pamoja na leba na VAT. Amejibu vizuri kabisa. Plagi zangu ni za iridiamu, ameziondoa. Breki oili haikuwemo, ameiongeza. Gia oili inakaguliwa tu. Washa ya sampu imo. Bei imeshuka kidogo, si sana, lakini sasa najua kila shilingi inakwenda wapi. Vipuri vya zamani nitawekewa kwenye katoni. Filta ya AC nimemwambia aiache, nitabadilisha mwenyewe.

Mwalimu, droo yako ilitokaje? Yangu ina kimkono kidogo cha plastiki upande wa kulia na naogopa kukivunja.

Mwalimu, Kakamega

Hicho huzuia droo isidondoke kwa kishindo. Kisukume pembeni kitoke kwenye pini yake, usikivute kuelekea kwako. Halafu bana kuta mbili za droo kwa ndani, itashuka yenyewe. Filta mpya tazama mshale ulioandikwa ubavuni, uelekee kule kule ulikoelekea wa ile unayoitoa.